Filta ya Hewa ya Lori: Ibadilishwe Lini, na kwa Nini Kuipuliza ni Kuiharibu

Wenye malori huandika lita za dizeli kila safari, lakini hewa hakuna anayeiandika, ingawa ndiyo inayoingia kwenye injini kwa wingi kuliko kitu kingine chochote. Kuchoma lita 1 ya dizeli lori likiwa na mzigo huhitaji kati ya lita 14,000 na 18,000 za hewa. Chukua injini ya lori kubwa, silinda 6, ujazo wa lita 13, inapanda mlima kwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Ni injini ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Hata isingekuwa na turbo ingevuta karibu lita 9,750 kwa dakika. Turbo huisukuma hewa ikaingia takriban maradufu ya hapo. Hizo ni kama lita 20,000 kwa dakika, zaidi ya meta za ujazo 1,000 kwa saa, na zote hupita kwenye filta moja ya karatasi iliyokunjwakunjwa.

Ni vigumu kuipa heshima karatasi. Injini ya mamia ya kilo, pistoni za chuma, halafu uhai wake wote unategemea karatasi na ukingo wa mpira. Lakini ndivyo ilivyo, na karibu kila ubishi unaousikia gereji kuhusu filta ya hewa (ibadilishwe kila baada ya kilomita ngapi, ipulizwe au isipulizwe, ya bei nafuu inafaa au haifai) hutokana na kutojua kwamba filta hiyo ina kazi mbili, na kazi hizo huzeeka kwa kupishana. Ya kwanza ni kuzuia vumbi. Ya pili ni kupitisha hewa. Kadiri filta inavyochafuka, ya kwanza inaifanya vizuri zaidi na ya pili inaifanya vibaya zaidi. Ukishalielewa hilo, mengine hufunguka yenyewe.

Vumbi likiingia

Tuanze na kuzuia vumbi, kwa sababu ndiyo sababu ya filta kuwepo.

Vumbi la barabarani si taka laini ya kupangusa kwa kitambaa. Sehemu kubwa yake ni mchanga uliosagika, yaani silika. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10 ambapo 10 ni almasi, silika ya mchanga iko kwenye 7. Chuma cha kisu cha kawaida kiko karibu na 5.5. Chuma hakina ubishi na mchanga: vikisuguana, kinacholika ni chuma.

Ukubwa wa punje nao una neno lake. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Punje zinazoiumiza injini zaidi ni zile za mikroni 5 hadi 20, ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Kati ya ringi ya pistoni, yaani pete ya chuma inayoizunguka, na ukuta wa silinda kuna utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu. Punje ndogo sana kuliko utando huo hupita bila kugusa pande zote mbili. Punje kubwa mno hunaswa kirahisi kabla hazijafika mbali. Lakini punje inayolingana na utando, au inayouzidi kidogo, husimama katikati, ikagusa huku na huku, na kuanza kukata. Oili iliyochanganyika na punje hizo si kilainishi tena, ni msasa wa majimaji.

Safari ya vumbi hilo huanzia kwenye turbo. Gurudumu la turbo la lori huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo kila punje ni kama risasi. Ncha za mapanga ya gurudumu hulika, hupoteza ukali wake, na turbo haisukumi tena hewa kama zamani. Kutoka hapo vumbi hupita kwenye vali, likatua kwenye ukuta wa juu wa silinda, likasagwa na ringi ya kwanza. Ndiyo maana fundi mzoefu akifungua injini iliyokufa hutazama ringi za pistoni kwa mpangilio. Ringi ya juu ikiwa imelika kuliko zile za chini, na silinda imelika zaidi sehemu ya juu, uchafu uliingia na hewa. Ringi ya oili na beringi zikiwa ndizo zilizoumia zaidi, uchafu ulitoka kwenye oili yenyewe. Chuma huacha ushahidi wa njia aliyopita mwizi.

Dalili hazijitokezi siku ileile. Kwanza mgandamizo wa silinda hupungua kidogo, injini ikawa nzito kuwaka asubuhi ya baridi. Halafu gesi za mwako huanza kuvuka ringi na kushuka chini kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, moshi ukaonekana kutoka kwenye kipumulio cha injini. Oili huanza kupungua bila kuvuja popote. Kufikia hapo filta mpya haisaidii kurudisha chochote. Chuma kilicholika kimelika, na kinachofuata ni kufungua injini. Huu ndio ubaya wa jambo hili. Breki mbovu hulalamika, tairi lililoisha linaonekana, lakini injini inayokula vumbi huendelea kufanya kazi vizuri huku maisha yake yakifupishwa kila kilomita.

Njia moja ya kulijua mapema ni kupima oili maabara. Silika ikiingia, kipimo cha silikoni kwenye oili hupanda, na pamoja nacho hupanda chuma kutoka kwenye silinda na kromiamu kutoka kwenye ringi. Silikoni ikipanda peke yake, bila chuma, usikimbilie kulaumu filta: huenda gundi ya gasketi imeyeyukia kwenye oili, jambo la kawaida kwa injini iliyofunguliwa karibuni. Zikipanda zote kwa pamoja, kuna mahali hewa chafu inaingia, na pasakwe siku hiyohiyo.

Asilimia 99 si karibu na 99.9

Watengenezaji husema filta inazuia asilimia kadhaa za vumbi, na mnunuzi akiona 99 na 99.9 huziona kama ndugu. Hesabu inaonyesha vingine.

Majaribio ya filta za hewa za injini hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 5011. Humo hewa huchanganywa na vumbi maalumu la maabara, na kiasi kinachotumika sana ni gramu 1 ya vumbi katika kila meta ya ujazo ya hewa. Hiyo ni hewa chafu sana, mfano wa kulifuata gari jingine kwa karibu kwenye njia ya vumbi mpaka huoni mbele. Injini yetu inayovuta meta za ujazo 1,000 kwa saa ingekusanya kilo 1 ya vumbi kwa saa katika hali hiyo. Filta ya asilimia 99 ingepitisha gramu 10. Ya asilimia 99.9 ingepitisha gramu 1. Kwenye maandishi tofauti haifiki hata asilimia 1. Ndani ya silinda ni mara kumi.

Barabara nyingi hazina vumbi la kiasi hicho, tena si kwa saa nzima. Uwiano lakini haubadiliki: filta dhaifu kidogo kwa maandishi huruhusu uharibifu mara nyingi zaidi. Hapo ndipo filta bandia zinapoumiza. Kwa nje zinafanana na za kweli. Ukizishika utaona mikunjo ya karatasi ni michache na imeachana, au imelala upande mmoja, gundi imemwagwa ovyo kwenye ncha, na mpira wa ukingo ni mgumu kama plastiki au laini usiorudi ukiubonyeza. Mikunjo michache maana yake ni eneo dogo la karatasi, na eneo dogo hujaa haraka. Mpira mbaya maana yake ni kwamba hata karatasi ikiwa nzuri kiasi gani, hewa itapita pembeni.

Filta mpya ndiyo dhaifu kuliko zote

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Filta ya karatasi huchuja vibaya zaidi siku inapotoka kwenye boksi. Matundu yake yakiwa wazi, baadhi ya punje ndogo hupenya. Vumbi likianza kukaa juu ya karatasi, hujenga tabaka, na tabaka hilo lenyewe huwa kichujio kingine kilicho juu ya kichujio. Vumbi huzuia vumbi. Filta iliyotumika nusu ya maisha yake huchuja vizuri kuliko mpya.

Kwa hiyo filta kuonekana chafu si kosa lake. Imewekwa ili ichafuke. Dereva anayeifungua kila wiki, akaiona ya kahawia, akaitoa na kutia mpya, anailipia injini yake ulinzi hafifu kila mara, na juu ya hapo kila ufunguzi ni nafasi ya vumbi lililolala ndani ya nyumba ya filta kudondokea upande safi, ule unaokwenda moja kwa moja kwenye turbo. Kubadilisha kila mara kupita kiasi ni kosa lenye sura ya uangalifu.

Basi kwa nini ibadilishwe kabisa? Kwa sababu ya kazi yake ya pili.

Kadiri tabaka la vumbi linavyonenepa, hewa hupita kwa shida. Injini inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na baada ya filta shinikizo la hewa hushuka chini ya lile la nje. Tofauti hiyo ndiyo mkinzano, na inapimika. Kwa dizeli nyingi zenye turbo, filta mpya pamoja na mabomba yake huwa na kilopaskali (kizio cha shinikizo) 2 hadi 4 injini ikiwa na mzigo wote. Ukomo unaoruhusiwa mara nyingi huwa karibu na kilopaskali 6.2, ambazo ni inchi 25 za maji kwenye vipimo vya zamani vinavyotumika bado gereji. Kitabu cha lori husika ndicho chenye neno la mwisho.

Mkinzano haupandi sawasawa. Sehemu kubwa ya maisha ya filta hupanda polepole sana, hata mtu akadhani filta haiishi. Kisha mwishoni, matundu yaliyobaki yanapozibwa, hupanda kwa ghafla. Anayesema "itavumilia safari moja zaidi" mara nyingi anasema hivyo filta ikiwa tayari imefika kwenye mteremko huo wa mwisho, na safari hiyo moja ndiyo inayoivusha ukomo.

Ukomo ukivukwa, injini inapata dizeli ileile na hewa pungufu. Kwenye injini za zamani utaona moshi mweusi mlimani, kwa sababu dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Kwenye injini mpya zenye kompyuta huenda usione moshi wowote: kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza dizeli ili kuzuia moshi, na dereva ataona tu lori limekuwa zito, linashuka gia mapema kwenye kilima ambacho zamani lililipanda bila shida. Joto la gesi zinazotoka hupanda. Turbo huzunguka kwa kasi zaidi kufidia. Mvuto mkali mbele ya gurudumu la turbo huweza kuvuta oili kupitia sili zake, ikaingia kwenye mabomba ya hewa. Fundi asiyejua husema turbo imekufa, akaibadilisha, na turbo mpya nayo ikavujisha kwa sababu filta iliyoziba bado ipo palepale. Malori yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi hupata hasara nyingine, kwani mwako wenye hewa pungufu huzaa masizi mengi na kichujio hicho hujaa upesi.

La mwisho ni baya kuliko yote. Karatasi iliyovutwa kwa nguvu kupita uwezo wake, hasa ikiwa imelowa, huweza kujikunja au kuchanika. Dakika hiyo filta iliyoziba inageuka kuwa filta iliyo wazi, na vumbi lote lililokusanywa kwa miezi linaingia. Kuchelewa sana kunarudisha tatizo lilelile ambalo filta iliwekwa kulizuia.

Je, filta chafu hula dizeli? Mafundi wengi na wauzaji wote watakuambia ndiyo, na kwa wingi. Nashauri uwe mwangalifu na dai hilo. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima magari madogo ya kisasa ya petroli na kukuta kwamba filta iliyoziba haikubadilisha matumizi ya mafuta kwa kiasi cha kuonekana. Kilichoumia ni mwendo, kwani gari lilichelewa kushika kasi. Magari ya zamani yenye kabureta ndiyo yaliyokula mafuta zaidi. Lori la dizeli ni mtambo tofauti na lina mzigo, na injini inayohangaika kuvuta hewa hupoteza nguvu bure, lakini anayekuuzia filta kwa kukuahidi kwamba italipa gharama yake kwa dizeli tu anakupa sababu dhaifu. Sababu yenye nguvu ni ringi, silinda na turbo.

Tazama kiashirio, usitazame karatasi

Jicho haliwezi kupima mkinzano. Filta yenye vumbi jekundu la kutisha huenda bado inapitisha hewa vizuri, na nyingine iliyojaa masizi laini ya foleni za mijini huonekana ya kijivu tu ilhali imeziba kabisa. Masizi ni mepesi na madogo, gramu chache zake huziba matundu ambayo udongo mwingi zaidi usingeyaziba.

Ndiyo maana malori mengi yamewekewa kiashirio kwenye bomba kati ya filta na turbo, au kihisio kinachowasha taa kwenye dashibodi. Kile cha kawaida ni kikombe kidogo cha plastiki chenye dirisha. Mkinzano ukifika ukomo, alama nyekundu hujitokeza na kukwama hapo hadi ubonyeze kitufe cha kuirudisha. Kukwama huko kuna maana. Injini yenye turbo ikinguruma uwanjani bila mzigo haivuti hata karibu ya hewa inayovuta mlimani, hivyo kipimo cha uwanjani hudanganya. Alama iliyokwama inakuambia kilichotokea pale injini ilipofanya kazi kweli.

Kiashirio chekundu watu hukiona. Ninachokihofia mimi ni kile kisichopanda kamwe. Lori limetembea msimu mzima kwenye vumbi, filta ni ileile, na kiashirio bado kinasema safi. Ama kiashirio kimekufa, ama bomba lake limetoka, ama, na hili ndilo la hatari, filta imechanika au hosi imepasuka na hewa haipiti tena kwenye karatasi. Kipimo kikishuka ghafla bila mtu kubadilisha filta, ni hivyohivyo. Usifurahie, simama utafute tundu.

Lori lisilo na kiashirio linabaki na kitabu cha mtengenezaji na busara ya mwenyewe. Kilomita zilizoandikwa humo mara nyingi ni za barabara ya lami. Lori linaloingia machimboni, mashambani au kwenye ujenzi wa barabara haliwezi kutumia namba hizo, na kuzigawa kwa mbili ni mwanzo tu wa makadirio. Kufunga kiashirio ni kazi ndogo kwa fundi na humaliza ubishi wote. Hata hivyo muda nao una ukomo wake, hata kama lori halitembei sana: gundi hukauka, mpira hukakamaa, karatasi iliyolowa na kukauka mara nyingi hulegea. Filta ambayo kiashirio hakijaikataa lakini muda wake kwenye kitabu umepita, itolewe.

Suala la kupuliza

Hapa najua nagusa desturi. Karibu kila gereji ina kompresa, na kupuliza filta ni kazi ya kwanza anayofundishwa mwanagenzi. Nadhani desturi hii ilitoka kwenye filta za zamani za beseni la oili, ambazo kweli zilitengenezwa zioshwe na kumwagiwa oili mpya. Karatasi ikazikuta desturi zimekwisha kukaa, ikatendewa vilevile.

Upepo wa kompresa ukielekezwa kwa karibu huweza kuipasua karatasi kwa matundu ambayo huyaoni. Ukipuliza kutoka nje kwenda ndani unazisukuma punje zipenye upande safi. Ukiigonga filta kwenye tairi au sakafuni, unaipinda fremu, na mpira haukai tena sawasawa. Na hata ukifanya kwa upole wote, vumbi linalotoka ni lile la juu juu. Punje ndogo zilizozama kwenye nyuzi za karatasi hubaki. Filta hurudi ikionekana safi, inaziba tena baada ya muda mfupi, hivyo inatolewa tena na kupulizwa tena, na kila mara vumbi kidogo linaanguka upande usiotakiwa. Kuosha kwa maji na sabuni ni mbaya zaidi kwa karatasi ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo, kwani utomvu unaoishikilia huharibika.

Wapo watengenezaji wachache wanaoruhusu kupuliza, kwa masharti: kutoka ndani kwenda nje, shinikizo lisizidi bari 2, mdomo wa upepo uwe mbali, na mara zenye hesabu. Atakayefanya hivyo aingize taa kali ndani ya filta mahali penye giza na kuizungusha. Nuru ikichomoza hata kwa tundu la sindano, filta imekwisha kazi.

Ndani ya filta kubwa malori mengi yana filta ndogo ya pili, ya usalama. Hiyo haipulizwi kabisa, haioshwi, wala haitolewi ili kutazamwa. Kazi yake ni kuilinda injini filta kubwa ikichanika, na kuziba njia wakati filta kubwa iko mkononi mwa fundi. Utaratibu wa kawaida ni kuibadilisha kila mara ya tatu unapobadilisha filta kubwa. Filta kubwa ikitolewa na ile ndogo ikakutwa ina vumbi, filta kubwa inavuja au haikukaa vizuri, na hilo ni onyo la bure.

Siku ya kubadilisha

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na hufanywa vibaya kwa sababu ya ufupi wake. Injini iwe imezimwa. Panguza nje ya nyumba ya filta kabla hujafungua kifuniko, maana vumbi la juu ndilo litakaloanguka ndani. Filta ya zamani itolewe polepole kwa kuizungusha, bila kuigongesha kwenye kuta. Ndani ya nyumba panguzwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipulize humo kwa kompresa, kwa sababu unalipeleka vumbi kule ulikokuwa ukilizuia lisiende.

Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole safi mahali mpira wa ukingo unapokalia, na ndani ya bomba la kwenda kwenye turbo. Bomba hilo linatakiwa liwe safi kabisa. Ukikuta mstari wa vumbi kwenye ukingo, hapo ndipo hewa ilipokuwa ikipita pembeni, na mara nyingi mstari huo huelekeza moja kwa moja kwenye kasoro: mpira uliokunjwa, kifuniko kilichopinda, klipu iliyolegea. Usiupake mpira grisi ili ukae vizuri, labda kitabu kiwe kimesema hivyo, kwani grisi hukusanya vumbi na huweza kuuharibu mpira.

Baadaye fuata hosi yote kutoka filta hadi turbo kwa mkono. Pinda kila mahali uone nyufa, kaza kila klipu. Tundu dogo baada ya filta linafuta kazi yote ya filta, hata ungetia ya bei kubwa kuliko zote, kwa sababu sehemu hiyo ya bomba iko kwenye mvuto na huvuta hewa ya nje bila kuichuja. Tazama pia mdomo wa mpira ulio chini ya nyumba ya filta, ule unaotema vumbi zito na maji kabla havijafika kwenye karatasi. Ukiwa umechanika, umepotea au umezibwa na matope, mzigo wote unaiangukia karatasi, na filta itaisha mapema kuliko ilivyopaswa. Wengi hulaumu ubora wa filta ilhali tatizo ni kipande hicho cha mpira.

Funga kifuniko hadi klipu zote zishike bila kulazimisha. Kifuniko kinachokataa kufunga kinakuambia filta haijakaa au si ya lori hilo. Bonyeza kitufe cha kiashirio kirudi kwenye alama ya mwanzo. Kisha andika ubavuni mwa nyumba ya filta, kwa kalamu isiyofutika, tarehe, kilomita za siku hiyo, na kama filta ya usalama imebadilishwa au bado, ili fundi atakayefuata asilazimike kuifungua kwa ajili ya kubahatisha.